Vidonda vya Tumbo kwa Farasi: Maswali ya Wafugaji wa Nairobi

Katika mabanda ya Karen, Lang'ata na kando ya uwanja wa mbio wa Ngong, kuna malalamiko yanayojirudia: farasi amepewa dawa ya minyoo, meno yake yamekaguliwa, chakula anapewa cha kutosha, na bado anakonda na kuwa mkali. Hayo huweza kuwa na sababu nyingi, ila vidonda vya tumbo ni miongoni mwa zile zinazosahaulika upesi.

Farasi hupataje vidonda vya tumbo?

Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake, kwani hubeba lita 8 hadi 15 tu, na hutoa tindikali usiku na mchana, awe amekula au hajala. Kinachoipunguza makali tindikali hiyo ni mate, na mate ya farasi hutoka anapotafuna, si anapotazama chakula. Akiwa malishoni hutafuna kwa saa 16 hivi kila siku, kwa hiyo mate hayakauki na nyasi hazikosekani tumboni. Tukimfungia na kumlisha mara mbili kwa siku, tindikali hubaki peke yake kwa saa nyingi. Sehemu ya juu ya tumbo lake haina ute mzito wa kuilinda kama sehemu ya chini, na ndiyo inayochomwa kwanza, hasa farasi anapokimbizwa, kwa sababu misuli ya tumbo hukaza na kuirusha tindikali juu. Ndiyo maana farasi wa mbio walio mazoezini huugua kwa wingi kuliko wale wanaoshinda malishoni.

Wangu hushinda nje mchana kutwa. Kwa nini naye augue?

Tuuangalie usiku wake. Hapa kwetu farasi huingizwa bandani kabla ya magharibi ili wasiumwe na usubi unaoeneza ugonjwa hatari wa farasi wa Afrika, na desturi hiyo ni nzuri, isiachwe. Shida ni kwamba saisi, yaani mtunza farasi, huweka nyasi saa kumi na mbili jioni, farasi anazimaliza saa tatu au saa nne usiku, kisha anasimama mbele ya hori tupu hadi alfajiri. Saa sita bila chochote cha kutafuna zinatosha kuongeza hatari. Kwa maoni yangu, mabanda mengi yanatafuta dawa ya ugonjwa ambao mlango wake uko wazi kila usiku.

Ni dalili zipi za kuangalia?

Mara nyingi saisi huziona kabla ya mwenye farasi. Mwangalie farasi anapokazwa mkanda wa tandiko: masikio yanalala nyuma, mkia unapigapiga, na kichwa kinageuka upande wa tumbo kana kwamba anataka kuuma. Wengi humwita mtukutu na kumchapa, ilhali anaumia. Dalili nyingine ni kuacha nafaka na kuchagua nyasi, manyoya kupoteza mng'ao, kusaga meno, kukonda, kukataa kazi aliyoizoea, na maumivu madogo ya tumbo yanayorudi baada ya kula. Hata hivyo, wapo wenye vidonda vikubwa wasioonyesha lolote.

Daktari huthibitishaje?

Kwa kupitisha puani kamera yenye mrija wa mita 3 hivi hadi tumboni na kuvitazama vidonda vyenyewe. Farasi hunyimwa chakula kwa saa 12 hadi 16 kabla ya kipimo, na hutulizwa kwa sindano. Vipimo vya damu au kinyesi havitoi jibu la uhakika.

Je, naweza kumpa vidonge vya omeprazoli vya binadamu?

Omeprazoli, dawa ya kuzuia tindikali, ndiyo dawa kuu, kwa hiyo swali si baya, lakini tupige hesabu. Dozi ya kawaida ya kutibu ni miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, kwa siku 28 hivi. Farasi wa kilo 400 anahitaji miligramu 1,600, yaani kapsuli 80 za miligramu 20 kila siku. Isitoshe, dawa hii huharibiwa na tindikali ileile inayokuja kuizuia, na ukiisaga chembe za ndani ya kapsuli unaondoa ngozi inayoikinga. Ya farasi hutengenezwa kama uji mzito ndani ya bomba, ikiwa tayari imekingwa.

Hufyonzwa vizuri tumbo likiwa halijajaa, kwa hiyo hutolewa alfajiri, kisha farasi hulishwa baada ya nusu saa hadi saa moja. Vidonda vya sehemu ya chini ni vigumu kupona, na daktari huweza kuongeza sukralfeti, dawa inayofunika kidonda. Dawa isikatishwe ghafla. Daktari atasema namna ya kuipunguza, na farasi wa mashindano lazima azingatie pia kanuni za dawa za mchezo wake.

Magadi je? Wazee wa banda huyatumia.

Hutuliza tindikali kwa muda mfupi na hayaponyi kidonda, na yale ya asili huweza kuwa na floraidi nyingi. Yaache.

Ni bakteria kama kwa binadamu?

Kwa farasi haijathibitishwa hivyo, kwa hiyo usikimbilie antibiotiki.

Nimlishe vipi ili asiugue tena?

Nyasi kwanza. Farasi wa kilo 400 apate angalau kilo 6 za nyasi kavu kwa siku, zikipimwa kwa mizani na si kwa kukadiria marobota. Nyasi aina ya Boma Rhodes zinafaa, na za usiku zitiwe kwenye wavu wenye matundu madogo ili zichukue muda mrefu kuisha. Lusini (alfalfa) kidogo ni msaada mkubwa, kwa kuwa kalsiamu na protini zake hupunguza makali ya tindikali. Nafaka zipunguzwe na kugawanywa katika milo midogo, na maji yasikosekane. Kabla ya mazoezi ya asubuhi apewe konzi kadhaa za lusini au nyasi. Zitaelea tumboni na kuizuia tindikali isiruke juu. Kumtoa mazoezini akiwa na njaa ati awe mwepesi ni kosa.

Anachechemea na ninampa fenilbutazoni. Niendelee?

Dawa hiyo ya maumivu, ambayo mabandani huitwa byuti, hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo, hasa ikizidishwa au ikichanganywa na nyingine ya aina yake. Usizidishe dozi wala siku alizoandika daktari, na mweleze kama farasi amewahi kuwa na vidonda.

Mtoto wa farasi anasaga meno, anatoka mate na kulala chali. Nisubiri asubuhi?

Usisubiri. Kwa umri huo kidonda huweza kutoboa ukuta wa tumbo, kwa hiyo mpigie daktari wa mifugo usiku huohuo.