Kabla ya Kuhesabu Wageni, Niulizeni Samaki Wametoka Wapi

Juma lililopita, katika kikao kimoja hapa Mtwara, niliisikia tena kauli ambayo nimeichoka: kwamba wageni wakiongezeka, maendeleo yatakuja yenyewe. Mimi ni afisa ununuzi wa hoteli, na ninasema kwa uchungu kwamba idadi ya wageni haitoshi kutueleza lolote kuhusu kinachobaki mikononi mwa wenyeji.

Vivutio tunavyo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000, na tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 msafiri wa kusini hasubiri tena kivuko Rufiji.

Tuitazame basi sahani ya mgeni. Akilipia changu wa kuoka, fedha hubaki hapa iwapo samaki yule amevuliwa Msimbati au Mikindani, na huondoka iwapo ameletwa na gari kutoka Dar es Salaam. Wengi hudai kwamba hoteli zinamdharau mvuvi wetu, na hapo ndipo wanaponikera, kwa sababu kikwazo si dharau. Mpishi anataka samaki wa ukubwa unaolingana kila siku, hata siku ambazo kusi inavuma na mashua hazitoki. Mhasibu anataka risiti ya mashine, ambayo mvuvi hana. Hoteli hulipa baada ya siku 30, ilhali mvuvi anadaiwa mafuta ya injini jioni ileile. Msambazaji wa Dar es Salaam ana chumba cha baridi, ana risiti na ana mtaji wa kusubiri malipo, kwa hiyo hushinda hata kama samaki wake amelala njiani. Sisi watu wa korosho tunalielewa jambo hili kuliko wengi: mkulima mwenye magunia mawili hafiki mnadani peke yake, bali chama cha msingi cha ushirika ndicho hukusanya mzigo na kuupeleka ghalani. Wavuvi nao wanahitaji chombo cha namna hiyo, chenye barafu na risiti, kabla hatujajenga hoteli nyingine.

Vilevile, mgeni si Mzungu peke yake. Msimu wa korosho, wanunuzi, madereva na watumishi hujaza nyumba za wageni na kula kwa mama lishe, ambaye samaki wake na mchicha wake hutoka soko la hapahapa. Katika kila shilingi wanayotumia, naamini hawa hutuachia sehemu kubwa kuliko mtalii aliyelipia safari yote ughaibuni.

Lipo jambo linalonitia shaka katika hoja yangu mwenyewe. Hoteli zikianza kununua changu wote wakubwa, mvuvi atafaidika, lakini mama anayetafuta fungu moja la kitoweo atakuta bei imepanda, naye hakushirikishwa katika mpango wowote wa utalii. Kwa sasa ninanunua wakubwa tu na kuwaacha wadogo sokoni. Hata hivyo, siku za kusi, samaki wanapoadimika, wachuuzi huwapandisha bei hao wadogo pia, na mama huyohuyo huondoka na kapu tupu.