Mota ya mashine ya kukimbilia na zile nguvu farasi zake

Wengi huamini kwamba mota iliyotolewa kwenye mashine ya kukimbilia (treadmill) na kuandikwa nguvu farasi 2.5 itaendesha kerezo, yaani mashine ya kuchongea kwa kuzungusha, kwa nguvu hizo katika kasi yoyote. Sivyo. Kibandiko cha mota huhesabu nguvu kwenye mizunguko ya juu, mara nyingi zaidi ya 4,000 kwa dakika. Kidhibiti kikishusha kasi hadi robo, nguvu ya msokoto, yaani ile ya kuzungusha mhimili, haiongezeki, kwa hiyo nguvu farasi nazo hushuka hadi robo. Tena feni iliyofungwa kwenye mhimili wa mota huzunguka polepole, joto likabaki ndani. Ukisikia harufu ya vanishi inayofunika nyaya za koili ikiungua, umeshachelewa. Funga puli ndogo kwenye mota na kubwa mara 4 kwenye kerezo: mota itakimbia ipoe, na msokoto utakaribia mara 4.