Medicare, Medicaid na wazee wetu Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mzazi akifika Marekani kwa karatasi za mwanawe, au mkimbizi aliyetoka kambi ya Nyarugusu akifikisha miaka 65 akiwa Louisville au Des Moines, swali la matibabu hujibiwa kwanza na watu wa kanisani, wa msikitini na wa kwenye kundi la WhatsApp. Wanasaidia kwa nia njema. Lakini mengi wanayoyasema ni kweli kwa mtu mmoja na ni hatari kwa mwingine, kwa sababu haki ya bima ya serikali huku hutegemea umri wako, karatasi zako za ukaazi, miaka uliyofanya kazi na kukatwa kodi, kipato chako na jimbo unaloishi. Anayekupa jibu bila kukuuliza hayo matano anakusimulia mambo yake mwenyewe.

"Medicare na Medicaid ni kitu kimoja"

Zilizaliwa siku moja, kwa sheria aliyoitia saini Rais Lyndon Johnson tarehe 30 Julai 1965, na majina yake yanachanganya hata Wamarekani wenyewe. Medicare ni bima ya serikali kuu kwa waliofikisha miaka 65, na kwa baadhi ya watu wa umri mdogo wenye ulemavu au ambao figo zao zimeshindwa kabisa kufanya kazi. Tajiri na maskini wote wamo. Medicaid ni ya wenye kipato kidogo. Fedha zake hutoka serikali kuu na jimboni, na jimbo ndilo linaloiendesha, ndiyo maana hata jina hubadilika: California huitwa Medi-Cal, Tennessee ni TennCare, Arizona ni AHCCCS.

Hapo ndipo ushauri wa binamu aliyeko Ohio unapompoteza aliyeko Dallas. Ohio ni kati ya majimbo 40 yaliyopanua Medicaid: mtu mzima aliye chini ya miaka 65 anaweza kuingia kwa kipato tu, na kwa kipimo cha 2025 mstari ulikuwa kama dola 21,597 kwa mwaka kwa mtu anayeishi peke yake. Texas, Florida, Georgia na Tennessee ni kati ya majimbo 10 ambayo hadi mwaka huo hayakuwa yamepanua. Huko mtu mzima asiye na mtoto mdogo wala ulemavu anaweza kukosa Medicaid hata kama hana kipato chochote. Na ukishafika 65 hesabu hugeuka tena, kwa kuwa majimbo mengi huangalia pia akiba uliyo nayo benki.

Mtu mmoja anaweza kuwa na zote mbili, na kwa mzee mwenye kipato kidogo hilo ndilo la kulitafuta.

"Mama ana green card na amefika 65, kwa hiyo Medicare ni bure"

Hili ndilo linalowaumiza watu wengi kuliko yote, na linastahili kuelezwa taratibu.

Medicare ina Sehemu A, ya kulazwa hospitali, na Sehemu B, ya madaktari, vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi. Sehemu A haina malipo ya kila mwezi kwa mtu ambaye yeye mwenyewe, au mwenzi wake wa ndoa, amefanya kazi ya kukatwa kodi Marekani kwa robo 40 za mwaka, yaani kama miaka 10. Kulea wajukuu hakuhesabiki. Kazi ya kulipwa mkononi bila kodi haihesabiki. Na miaka yako wewe mtoto, hata kama umefanya kazi ghalani kwa miaka 15 mfululizo, haimhesabii mama yako.

Mama asiye na robo hizo anaweza kununua Medicare, lakini lazima kwanza awe na green card na awe ameishi Marekani miaka mitano mfululizo. Kwa bei za 2026, Sehemu A ni dola 565 kwa mwezi kwa mwenye robo chini ya 30, na dola 311 kwa mwenye robo 30 hadi 39. Sehemu B ni dola 202.90 kwa wengi. Anayelipa zote mbili kwa ukamilifu hutoa zaidi ya dola 760 kila mwezi. Anaruhusiwa kuchukua Sehemu B peke yake, na familia nyingi hufanya hivyo.

Kisha kuna jambo ambalo kwenye simulizi za mitaani halisikiki: mzee mwenye kipato kidogo anaweza kulipiwa. Majimbo yote yana mipango ya kusaidia gharama za Medicare. Mkubwa wake huitwa QMB. Hulipa malipo ya kila mwezi ya Sehemu B, na unaweza kulipia hata Sehemu A. Mwenye QMB haruhusiwi kudaiwa na daktari wala hospitali ile sehemu ya gharama ambayo mgonjwa wa kawaida wa Medicare huichangia. Anayeingia kwenye mpango huo hupata pia msaada wa dawa unaoitwa Extra Help. Maombi hupelekwa kwenye ofisi ya Medicaid ya jimbo, si Social Security, ofisi ya mafao ya uzeeni, na pengine ndiyo sababu wazee wengi wanaostahili hawajawahi kuomba.

Na ile miaka mitano ya kwanza? Mwenye green card mpya kwa kawaida husubiri miaka mitano kwa Medicaid pia. Anaweza kununua bima kupitia HealthCare.gov au soko la jimbo lake, lakini tangu Januari 2026 ruzuku kwa walio chini ya mstari wa umaskini wanaosubiri miaka hiyo imeondolewa. Unayemwandikia mzazi karatasi za kuja, ulizia bei ya bima yake kabla hujamkatia tiketi.

"Atajiandikisha akianza kuumwa"

Dirisha la kujiandikisha ni miezi saba: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Kwa aliyepita 65 akiisubiri ile miaka mitano, dirisha lake hufunguka kuzunguka mwezi anaoitimiza. Ukilipita, utasubiri kipindi cha Januari hadi Machi, na Sehemu B itakuwa na adhabu ya asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyochelewa. Adhabu hiyo hulipwa maisha yako yote ukiwa na Sehemu B.

Anayeendelea na kazi yenye bima, kwenye kampuni ya wafanyakazi 20 au zaidi, anaweza kungoja bila adhabu. Akiacha kazi ana miezi minane. Na ikiwa jimbo ndilo linalomlipia mzee Sehemu B kupitia mipango niliyoitaja, adhabu ya kuchelewa huondoka.

"Akishapata Medicare, kila kitu kimelipwa"

Meno, miwani ya kawaida na vifaa vya kusikia havimo kwenye Medicare ya asili, yaani ile inayoendeshwa na serikali yenyewe. Kulazwa kuna dola 1,736 za kutoa mwenyewe kwanza kwa 2026. Kwa dawa, Sehemu D sasa ina kikomo kizuri: ukifikisha dola 2,100 ndani ya 2026, hulipi tena dawa zilizomo kwenye mpango wako mwaka huo.

Pigo kubwa hutoka mahali ambapo familia haikutazamia. Mzee anaanguka bafuni, anapelekwa chumba cha dharura, anapandishwa wodini na kulala huko siku tatu. Ana kitanda, ana dripu, ana muuguzi. Kila mtu anasema kalazwa. Kumbe kwenye karatasi za hospitali ameandikwa kuwa yuko chini ya uangalizi, na kwa Medicare ya asili siku hizo si siku za kulazwa. Akipelekwa kituo cha mazoezi na uuguzi, Medicare haitalipa, kwa kuwa sharti ni siku tatu mfululizo za kulazwa rasmi. Uangalizi ukizidi saa 24, hospitali inatakiwa kutoa karatasi iitwayo MOON inayoeleza jambo hilo. Mara nyingi husainiwa na kijana wa nyumbani katikati ya rundo la karatasi nyingine. Kila asubuhi muulize daktari: "Baba amelazwa rasmi, au yuko chini ya uangalizi?" Kama ni uangalizi, uliza sababu, na uombe daktari aliangalie upya.

Hata sharti likitimia, siku 20 za kwanza kituoni hulipwa zote, kuanzia ya 21 hadi ya 100 mgonjwa hutoa dola 217 kwa siku kwa bei ya 2026, na baada ya siku 100 Medicare imemaliza. Kuogeshwa, kuvalishwa na kulishwa miaka nenda rudi si kazi yake kabisa. Hiyo ni kazi ya Medicaid, na katika majimbo mengi Medicaid inaweza kumlipa mtu wa familia anayemhudumia mzee nyumbani. Mabinti na wakwe wangapi wamepunguza saa za kazi wakaingia madeni kwa kumwuguza mama, bila kuambiwa kwamba jimbo lao lina mpango huo!

Kuhusu ile mipango ya Medicare Advantage inayotangazwa kwenye televisheni kila msimu wa Oktoba: huendeshwa na makampuni binafsi kwa fedha za Medicare, na wakala anayekuja nyumbani hulipwa kamisheni. Wapo wazee inaowafaa, hasa kwa meno na miwani. Ila ina orodha ya madaktari wake, na vipimo vingi huhitaji kibali kwanza. Zaidi ya hapo, miezi sita ya kwanza ya Sehemu B baada ya 65 ndiyo ambayo kampuni ya bima ya nyongeza, Medigap, haiwezi kukukataa kwa sababu ya ugonjwa. Baada ya hapo, isipokuwa katika majimbo machache kama New York na Massachusetts, kutoka Advantage na kurudi Medicare ya asili pamoja na Medigap kunaweza kushindikana. Mzee mwenye kisukari asisaini siku ileile.

"Ukichukua Medicaid hutapata uraia, na nyumba wataichukua"

Tuanze na uraia. Kipimo cha kuwa mzigo kwa serikali hutumika mtu anapoomba kuingia nchini au kupata green card. Hakitumiki anapoomba uraia, na wakimbizi na waliopewa hifadhi hawamo. Kwa kanuni ya 2022, Medicaid ya kawaida haikuhesabiwa, isipokuwa kutunzwa kituoni kwa muda mrefu kwa gharama ya serikali. Novemba 2025 serikali ilipendekeza kuifuta kanuni hiyo, kwa hiyo ambaye bado anaomba green card azungumze na mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Hofu ya watu haikutoka hewani: mwaka 2025 taarifa za waliomo Medicaid zilipelekwa kwenye Idara ya Usalama wa Ndani, inayosimamia uhamiaji, na majimbo 20 yakaenda mahakamani. Jua tu kwamba anayejiombea ndiye anayeeleza hali yake ya ukaazi. Wengine wa nyumbani wasioomba hawalazimiki kuieleza yao.

Nyumba nayo ina ukweli nusu. Tangu sheria ya 1993 majimbo hutakiwa kudai kwenye mirathi gharama za utunzaji wa muda mrefu za aliyekuwa na miaka 55 au zaidi. Hayadai mume au mke akiwa hai, wala kukiwa na mtoto wa chini ya miaka 21 au mwenye ulemavu. Kosa lenyewe hufanywa na wanaokimbilia kuandika nyumba kwa jina la kijana: kwa utunzaji wa muda mrefu, karibu kila jimbo huchunguza miaka mitano ya nyuma, na zawadi kama hiyo inaweza kumchelewesha mzee kupata Medicaid wakati anaihitaji mno.

"Mkimbizi hanyang'anywi bima"

Ilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imebadilisha. Kuanzia 1 Oktoba 2026, mkimbizi au mwenye hifadhi asiye na green card anatoka kwenye Medicaid ya fedha za serikali kuu. Medicare nayo imefungwa kwa wapya wa kundi hilo, na waliokuwa ndani wamepewa hadi mwanzoni mwa 2027. Mkimbizi huweza kuomba green card akitimiza mwaka mmoja nchini. Kama mzee wako amekaa miaka minne na karatasi ziko kwenye droo, hili lifanyike wiki hii.

Sheria hiyo hiyo inataka wengi wa watu wazima wa umri wa miaka 19 hadi 64 walioingia kwa Medicaid iliyopanuliwa waonyeshe saa 80 za kazi au shughuli kama hizo kwa mwezi, kufikia Januari 2027, na wahakikiwe kila miezi sita. Fungua barua. Uhakiki ulioanza tena 2023 baada ya korona uliwatoa zaidi ya watu milioni 20, na wengi wao walitolewa kwa fomu na taratibu ambazo hazikukamilika, bila kuthibitishwa kwamba wamepoteza sifa. Ukihama nyumba, ofisi ya Medicaid ipate anwani mpya.

"Bima yake itamtibu hata Mombasa"

Medicare hailipi matibabu Kenya, Tanzania wala Kongo, ila kwa hali chache sana zilizo mpakani mwa Marekani. Mzee anayekwenda nyumbani miezi mitatu anahitaji bima ya safari. Akiacha Sehemu B ili kuokoa pesa, adhabu ile ya asilimia 10 inaweza kumngoja akirudi. Anayepokea SSI, malipo ya serikali kuu kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, ajue kwamba malipo husimama akiwa nje siku 30 mfululizo, na katika majimbo mengi SSI ndiyo inayombebea Medicaid.

"Mtoto atatafsiri"

Mtoto wa darasa la saba asiachiwe kumweleza bibi yake habari za saratani. Hospitali na ofisi zinazopokea fedha za serikali ya Marekani zina wajibu wa kutoa mkalimani bila malipo. Taja lugha sawasawa: Kiswahili cha Bukavu, Kinyamulenge, au kile mzee anachoelewa kweli. Kwa maswali ya Medicare piga 1-800-MEDICARE, au uliza ofisi ya SHIP ya jimbo lako, ambayo washauri wake hawauzi bima na hawatozi kitu. Nenda na green card, barua zote za Social Security, na orodha ya dawa anazotumia mzee.