Chanjo ya DNA inabadilisha nasaba? Stori za baraza la Mkunguni

Jana jioni hapa Lamu, kahawa inazunguka, ami mmoja akasema ati chanjo ya DNA (DNA ni yale maelezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli) ikishaingia mwilini inakubadilisha nasaba, mtoto ukizaa hajulikani ni wa mlango gani. Watu wakacheka, ila niliona wawili watatu wameshika vikombe hawanywi.

Sasa sikizeni. Kinachotiwa mle ni plasmidi, kijiduara cha DNA kinachokuzwa ndani ya bakteria afu kinasafishwa, kimebeba maelezo ya protini moja tu ya kirusi, sio kirusi chenyewe, kwa hivyo na ile ya kwamba utaambukizwa haisimami. Mchukulie fundi wetu wa kuchonga milango, unampelekea karatasi yenye ua, anachonga ua lako, karatasi inachakaa inatupwa, mlango wa kwake nyumbani uko vile vile. Plasmidi inafika kwenye kiini cha seli, inasomwa, inatoka nakala ya RNA, yaani ujumbe wa kupeleka maelezo, seli inachonga protini basi. Haikuundwa kujichomeka kwenye kromosomu zako, zile nyuzi zinazobeba DNA yako ya urithi, na wanyama walipochunguzwa jambo hilo lilionekana nadra mno.

Na utamu uko hapo, manake protini imetengenezwa na seli yako mwenyewe, vipande vyake vinaanikwa nje kwenye utando, seli T za kuua, askari wa kinga ya mwili, zinaviona zinajifunza kuwinda seli yoyote yenye alama ile, na protini nyingine inamwagika nje inaokotwa na walinzi wengine mpaka seli B, askari wengine, zinatoa kingamwili, protini za kumnasa adui. Kinga mbili kwa mpigo.

"Si ndo ile tulodungwa ya korona?" La. AstraZeneca ilibebwa na adenovirusi ya sokwe, kirusi kilichobadilishwa kisizaliane, Pfizer na Moderna ni mRNA, ile nakala ya ujumbe yenyewe. Ya DNA ni ZyCoV-D ya India, ilipewa ruhusa ya dharura Agosti 2021, dozi tatu, tena haina sindano, inarushwa kwa presha ndani ya ngozi. Mbona tatu? Hapo nakubali, chanjo za DNA kwa panya ziling'ara tangu mwanzo wa miaka ya 1990, kwa binadamu DNA inaingia kwenye seli kwa shida, ndo maana ya dozi hizo na hiyo presha, na wengine hutumia hata mshtuko mdogo wa umeme.

Ati ni kitu cha juzi? Mwaka 2005 Marekani washairuhusu chanjo ya DNA kwa farasi dhidi ya West Nile, kirusi kinachoenezwa na mbu, na Kanada kwa samaki wa kufuga, samoni.

"Na punda je?" akauliza mwenye punda. Nikamwambia ile ni ya farasi. Akamaliza kahawa yake, akaenda kumfungua mnyama wake.