Zege la Vifuu: Nguvu Yake Imo Kwenye Makapi ya Mpunga

Mita moja ya ujazo ya zege la kawaida ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Weka vifuu vya nazi vilivyovunjwa badala ya kokoto, na uzito unaweza kushuka chini ya kilo 2,000. Kwa kuta za kugawa vyumba ghorofani, huo ni mzigo mkubwa uliopunguzwa.

Tatizo ni nguvu, na dawa ya mafundi wengi ni moja tu: zidisha saruji. Kabla ya kuzidisha, vunja kipande cha zege hilo ukitazame. Mara nyingi utakuta kifuu kizima kimechomoka, kimeacha shimo laini kama kikombe. Kilichoshindwa hapo ni mshiko, kifuu chenyewe hakina kosa.

Saruji ikichanganyika na maji hutoa gundi, lakini hutoa na chokaa isiyobeba mzigo, ambayo hupenda kujazana palepale zege linapogusana na kifuu. Majivu ya makapi ya mpunga yana silika nyingi, ile madini iliyomo pia kwenye mchanga. Silika hiyo huila chokaa na kuigeuza gundi nyengine. Warumi walitumia majivu ya volkano kwa njia hiyohiyo, na kuba la Pantheon, hekalu lao la kale mjini Roma, lingalipo baada ya miaka 1,900 hivi.

Si kila majivu yanafaa. Yale ya chini ya jiko, meusi tititi, yana mkaa ndani na hunywa maji ya zege. Moto ukizidi sana nao huiharibu silika ikawa haifanyi kazi. Tunataka ya kijivu, yaliyochomwa kwenye nyuzi 500 hadi 700 za Selsiasi, kisha yakasagwa mpaka yakawa laini kama poda. Kusaga ndiko watu wanakokuonea uvivu. Na msitarajie mlima: kilo 100 za mpunga hutoa kilo 4 tu za majivu, au karibu na hapo.

Anzeni na asilimia 10. Kwa mfuko wa kilo 50, toa kilo 5 za saruji, tia kilo 5 za majivu. Vifuu viloweke kutwa kucha, la sivyo vitafyonza maji ya mchanganyiko. Zege hili hukaza polepole, kwa hiyo limwagilieni maji wiki mbili badala ya moja.

Nguzo na boriti msizijaribie. Hata kwa kuta, finyangeni kwanza michemraba mitatu, ikae siku 28, iletwe maabara ipasuliwe kwa mashine.