Ukikosea Usirudi Nyuma: Usiku wa Kwanza Kwenye Dansi ya Kontra

Binamu yangu alinipigia simu kutoka Lowell siku ya Ijumaa. "Da, kesho nakuja, ila kucheza sichezi. Nitakaa zangu nitazame."

Nikamwambia njoo tu. Mwaka wa sita huu nasimama jukwaani na maikrofoni kwenye madansi ya kontra huku magharibi mwa Massachusetts, Marekani, na hawa wanaokuja "kutazama" nawajua vizuri. Dansi ya pili huwa haiwakuti vitini. Kazi yangu ni kuita hatua: nawaambia wachezaji kinachofuata kabla hakijafika. Kiswahili hakina jina la kazi hii, mimi najiita mwitaji. Wa karibu naye ni manju wa ngoma, ila manju ana ruhusa ya kumsema mtu mbele za watu. Mimi nikijaribu hilo sialikwi tena.

Kontra ilitokana na dansi za vijijini za Uingereza, zile ambazo John Playford alizichapa kitabuni London mwaka 1651. Wafaransa wakazipenda, wahamiaji wakazivusha bahari, na vijiji vya New Hampshire vikazishika hata kwingine zilipofifia. Miaka ya 1930 Ralph Page alikuwa akiziita huko, na miaka ya 1960 mwitaji mwingine, Dudley Laufman, akawavuta vijana waliochoka na mambo ya mjini. Historia inatosha. Ninachotaka kukueleza ni kinachotokea ukishaingia ukumbini.

Watu hujipanga mistari miwili mirefu inayotazamana, mwenzi wako akiwa mbele yako upande wa pili. Kuanzia jukwaani mnashikana mikono wanne wanne, yaani jozi mbili mbili. Nyinyi wanne mnacheza mzunguko mmoja, kisha jozi moja inasogea kwenda mbali na jukwaa na nyingine inasogea kuelekea jukwaani. Kila jozi inakutana na jozi mpya na kurudia yale yale. Dansi moja inachukua kama dakika kumi. Ikiisha umeshashika mikono ya nusu ya ukumbi, na hatua ulizokuwa unaziogopa umezirudia mpaka miguu imezizoea.

Mzunguko mmoja una mapigo 64, hayapungui wala hayaongezeki. Wapigaji wako palepale ukumbini, fidla na piano mara nyingi, na ukiwa mtu wa taarabu utaitambua fidla lakini upinde wake hautautambua, maana hapa unakata kama mtu anayepaa samaki. Wimbo una sehemu mbili, kila moja mapigo 16, na kila sehemu hupigwa mara mbili. Kwa mwendo wa mapigo kama 115 kwa dakika, mzunguko unakwisha kwa nusu dakika na ushei.

Dansi niliyomwanzishia binamu yangu ilikuwa hivi. Mapigo 16 ya kwanza ni ya jirani, yule wa jozi nyingine aliye ubavuni mwako: mnashikana mikono, mnakaribiana na kurudi, halafu mnazungushana. Kisha wanne mnashikana duara na kwenda kushoto robo tatu, mapigo 8. Hapo unajikuta mbele ya mwenzi wako, mnapitana mgongo kwa mgongo, mapigo 8 mengine. Mapigo 16 yanayofuata ni ya kuzungushana na mwenzi. Halafu akina Robin wawili wanashikana mkono wa kulia katikati, wanapishana kwenda ng'ambo, na kule wanapokelewa na kugeuzwa, mapigo 8. Mwisho wote wanne mnaingiza mkono wa kushoto katikati kama nyota, mnazunguka mara moja, mapigo 8, mnaachia, na jirani mpya huyo mbele yako.

Robin ni nani? Zamani walisema mabwana na mabibi. Siku hizi kumbi nyingi zinatumia majina ya ndege wawili, Lark na Robin, kwa kuwa kwa Kiingereza kushoto huanza na L na kulia huanza na R. Mkimaliza kuzungushana, Lark anabaki kushoto na Robin kulia. Mwanamke anaweza kuwa Lark na mwanamume Robin, hakuna atakayeshangaa. Ila usiku wa kwanza shika upande mmoja mpaka mwisho.

Sasa, kosa ninaloliona kutoka jukwaani kila wiki. Si la miguu. Kontra haina hatua za miguu za kusomea, ukiweza kutembea kwa kufuata mdundo umeshahitimu. Kosa ni kutaka kurekebisha. Mtu anakosa kugeuzwa ng'ambo, anasimama, anaomba radhi, anarudi akageuzwe. Wakati huo wimbo umeshafika kwenye nyota. Jozi yake inachelewa kufika kwa jirani mpya, jirani mpya naye anachelewa, na mimi juu naona mstari unakunjika kutoka katikati kama mkeka. Angeiacha ile iliyompita na kwenda moja kwa moja kuweka mkono kwenye nyota, asingejua mtu. Hatua iliyokupita si deni. Tafuta tu mahali inayofuata inapoanzia. Kama hupajui, nyosha mikono, utavutwa. Na ukisikia mkono unakuvuta, usibishane nao kwa kuwa unadhani wewe ndiye unayekumbuka.

Haya nimeyajua kwa aibu. Usiku wangu wa kwanza kuita, nilikuwa nataja hatua pigo lenyewe linapoanza, wakati mwitaji anatakiwa amalize kutamka kabla halijaanza. "Nyota" inasemwa watu wakiwa bado ng'ambo wanageuzana. Mimi niliisema ilipotakiwa mikono iwe imeshakutana. Kuchelewa kwa neno moja, mara jozi kumi na mbili! Mzunguko wa tatu mpiga fidla alinitazama, akashusha upinde, tukaanza upya.

Binamu yangu alikuja nusu saa kabla, kwenye somo la wageni. Usilikose hilo. Kilichomshinda kwanza ni macho. Mkizungushana kwa kasi, kizunguzungu unakizuia kwa kumkazia macho unayezunguka naye. Aliyemwomba dansi ya kwanza alikuwa babu wa miaka sabini na kitu, na sisi tumelelewa kwamba mkubwa hatazamwi machoni hivyo. Akawa anatazama ukuta, na ukuta ukawa unakimbia. Nilipoona ameanza kuyumba nilishuka wakati wa mapumziko, nikamwambia, "Mtazame sikio. Au kifungo cha shati." Kifungo kilimfaa.

Kushikana kwenyewe pia kuna namna. Kwa kawaida mkono mmoja uko mgongoni mwa mwenzako. Kama hutaki, wewe toa mikono miwili mbele, mshikane viganja, na mzunguke hivyo hivyo. Huhitaji kueleza sababu. Kukataa ombi la dansi ni haki yako, na kuomba ni haki yako pia, mwanamke au mwanamume. Desturi ni kubadili mwenzi kila dansi, kwa hiyo usiwaze kwamba aliyekuomba ana lake jambo.

Viatu vya ndani vichukue mkononi, soli laini na safi, kwa sababu chumvi ya barabarani wakati wa baridi inakwaruza mbao. Fulana ya akiba. Maji. Na manukato, samahani, yaache nyumbani, kumbi nyingi huomba hivyo kwa ajili ya wenye pumu. Kwa mtu wa Pwani kutoka bila hata udi kwenye nguo ni mtihani, najua.

Halafu kuna mwisho wa mstari, ambako wageni hupotelea. Mkifika huko mnakosa jozi ya kucheza nayo kwa mzunguko mmoja. Badilishaneni nafasi wewe na mwenzi wako, geukeni mtazame ukumbi, msubiri. Robin awe kulia. Msiende kunywa maji! Nusu dakika tu na jozi inawafikia, na sasa mnaelekea mlikotoka.

Katika dansi ya nne nilinyamaza. Mzunguko wa sita au wa saba hivi, watu wakishashika, mwitaji huacha kuita na kubaki muziki na viatu. Binamu yangu alipishana katikati, akashika njia isiyo yake, akasita. Kisha akaacha. Akakata moja kwa moja, akaweka mkono wa kushoto kwenye nyota kabla ya wenzake.

Usiku ulifungwa kwa wolzi, dansi ya watu wawili wawili, kama kawaida, na wolzi haina mwitaji. Nikakunja waya wa maikrofoni, nikaenda kumsaidia kutafuta buti lake moja chini ya benchi.