Kwa nini mwenye kisukari huvunjika nyonga ilhali kipimo kinasema mifupa yake ni mizito?

Je, wajua kwamba mzee mwenye kisukari cha aina ya pili anaweza kupimwa mifupa, akaambiwa ni mizito kuliko ya wenzake wa rika lake, kisha akateleza tu bafuni na kuvunjika nyonga? Mashine haijakosea. Kipimo kile, DXA, huangalia wingi wa madini tu, na alama yake (T-score, inayolinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya) ikifika -2.5 au chini yake ndipo huhesabiwa osteoporosisi, yaani udhaifu wa mifupa. Wengi wenye kisukari hawashuki hadi hapo, na bado huvunjika nyonga zaidi ya wasio nacho.

Mfupa si madini peke yake. Ndani mna nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambazo huufanya upinde kidogo unapopata kishindo badala ya kukatika. Sukari ikizidi kwenye damu hujibandika kwenye nyuzi hizo. Ni kemia ileile inayogeuza ganda la mkate kuwa kahawia tanurini, aliyoieleza Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, ila mwilini huenda polepole, kwa miaka. Nyuzi zikishafungamana hivyo hukakamaa, na DXA haioni lolote.

Sasa tuje kwenye damu. Kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu, HbA1c, nacho hupima sukari iliyojibandika, ila kwenye himoglobini, protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, zikaja mpya. Kolajeni ya mfupani hukaa miaka. Kwa hiyo majibu mazuri ya leo hayafuti sukari ya juu ya miaka kumi iliyopita.

Tena mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, na seli zinazoujenga huachia kwenye damu protini iitwayo osteokalsini. Kwa wenye kisukari mara nyingi huwa chini. Ujenzi umezorota, mfupa mkuukuu unabaki palepale ukizidi kunasa sukari. Mwaka 2007 maabara ya Gerard Karsenty, New York, ilitangaza kuwa kwa panya osteokalsini yenyewe huichochea kongosho itoe insulini. Habari tamu, lakini mwaka 2020 makundi mengine mawili yalizalisha panya wasio na protini hiyo na sukari yao haikuvurugika. Mimi bado sijaimeza.

Kinachonishawishi zaidi ni homosisteini, kemikali ya mwilini inayopimwa kwenye damu. Tafiti mbili za 2004, moja ya Uholanzi na nyingine ya Marekani, zilikuta wazee wenye homosisteini nyingi wakivunjika zaidi. Nayo hupanda vitamini B12 inapopungua, na metformin, dawa wanayomeza wengi, ikitumiwa miaka mingi inaweza kuishusha B12. Hiyo si sababu ya kuacha dawa. Ni sababu ya kumwomba daktari apime B12.

Na kuanguka kwenyewe? Miguu iliyokufa ganzi, macho yenye ukungu, sukari inayoshuka ghafla usiku kwa mtumiaji wa insulini: hayo hayamo kwenye picha ya mfupa. Hata FRAX, kikokotoo cha hatari ya kuvunjika kilichotolewa 2008, hakikuwa na swali la kisukari cha aina ya pili. Madaktari walishauriwa kujaza "ndiyo" kwenye swali lake la baridi yabisi, hata kama mgonjwa hana, ili hesabu ipande kidogo.